Fremu ya Chuma na Njia za Suma

Katika baiskeli, karibu kila kitu huisha. Tairi huisha, tyubu hujaa viraka, cheni huvutika, gololi husagika, na tandiko huchanika hata likashonwa kwa kamba ya katani. Fremu ndiyo inayobaki. Kwa hiyo mtu anayechagua fremu huwa amekwisha kuchagua, bila kujua, ukubwa wa tairi atakazovaa, aina ya breki atakazoshika, na mzigo atakaoweza kubeba kwa miaka ishirini ijayo. Hilo si jambo la kuamuliwa kwa rangi.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu mjukuu wangu, ambaye naye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliponijia kuomba ushauri. Alikuwa ameweka akiba fedha za parachichi kwa misimu miwili. Alitaka baiskeli ya fremu ya chuma yenye usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, ile inayokimbia kwenye lami na kupita kwenye udongo pia. Aliniambia, “Babu, nina uwezo wa kununua moja tu, nayo ifanye kazi zote mbili.”

Kila mtu nyumbani alikuwa na neno lake. Mkewe alisema fedha hizo zinunue bati, kwa kuwa chumba cha nyuma kinavuja. Kaka yake alimshauri aongeze mkopo anunue pikipiki. Jirani akasema, “Mwalimu, chukua Phoenix, ujanja wa nini?” Wote walikuwa na hoja, wala sikumdharau hata mmoja.

Lakini palikuwa na jambo ambalo halikutajwa kwa sauti. Binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka sita, ana mguu mmoja dhaifu tangu kuzaliwa. Kila wiki hupelekwa Tukuyu kufanyishwa mazoezi ya viungo. Wiki ambayo nauli ya bodaboda imekosekana, mazoezi hukosekana, na wiki inayofuata mtoto huanza tena nyuma ya pale alipokuwa amefika. Nimemwona akijaribu kupanda ngazi tatu za baraza yangu baada ya wiki mbili kama hizo. Sitasimulia zaidi.

Jambo la pili ni la kijana mwenyewe. Tangu akiwa chuoni hupenda mashindano. Habari za Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewaongoza wenzake wa Afrika Mashariki katika mashindano ya njia za changarawe na kufariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani, alizifuatilia kama habari za ndugu. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, alikesha na simu yake. Kumwambia kijana wa namna hiyo achukue baiskeli yoyote ilimradi ina magurudumu mawili ni kumwonea. Fremu moja ilitakiwa kubeba wajibu na ndoto kwa pamoja, na fedha ya kurudia haikuwepo.

Ndugu msomaji, kabla ya kutazama fremu, hapana budi kutazama njia. Sisi wa Suma tunapata mvua kubwa. Upande huu wa Mlima Rungwe na Tukuyu hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu wa volkano, unaotupa chai, ndizi na maparachichi, ukilowa huteleza na kunata kama ugali. Mtu akitoka kwetu hupanda na kushuka vilima hadi Katumba, ambako hukuta lami ya barabara kuu itokayo Uyole kwenda Tukuyu na kuteremka hadi Kasumulu mpakani. Toka Tukuyu hadi tambarare ya Kyela, kimo hushuka kwa zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo baiskeli ya mtu wa Suma hukutana na tope, mawe, mwinuko mkali, na mteremko mrefu wa lami ambao breki hazipumziki.

Hapo ndipo nilipomjibu yule jirani. Phoenix ni baiskeli ya heshima. Kule Kyela, penye tambarare na mashamba ya mpunga, sina neno juu yake. Lakini ina uzito wa kilo 20 hivi na gia moja tu. Huku kwetu mwenye nayo huipanda nusu ya safari, na nusu iliyobaki huisukuma kama toroli. Ukiongeza mtoto nyuma yake, utaisukuma safari nzima.

Fundisho la pili nililipata katika maisha yangu ya kazi. Nilianza ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, uliolenga watoto wote wa rika lao wawe darasani ifikapo 1977, nilikuwa na Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa nchini. Ilinibebea madaftari, chaki, na mara moja mwalimu mwenzangu aliyeshikwa na malaria. Kisha vikaja vita vya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na tairi ikawa kitu cha kutafutwa kwa kibali. Wenzangu wengine walijaza nyasi ndani ya tairi zilizokosa tyubu, wakaenda hivyo hivyo wakidundadunda. Fremu yangu ilikuwa nzima kabisa, lakini ilitundikwa ukutani kwa miezi mingi kwa kukosa tairi. Tangu wakati ule, nikiona fremu nzuri swali langu la kwanza huwa ni hili: tairi yake inauzwa wapi?

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Tairi ya Phoenix huandikwa inchi 28 kwa moja na nusu, na pale inapokaa rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa za barabarani zina rimu ya milimita 622. Wapo wauzaji wanaoziita zote ishirini na nane, lakini tairi ya moja haivai nyingine. Bahati njema ni kwamba zile tairi pana za baiskeli za milimani ziitwazo inchi 29 nazo ni za rimu ya milimita 622. Basi mwenye fremu yenye nafasi ya kutosha anaweza kuvaa tairi nyembamba akienda lami na pana akienda tope, kwa rimu ile ile. Mwenye fremu iliyobana hana hiari.

Kwa sababu hiyo nafasi ya tairi ndiyo niliyoiweka mbele ya mambo mengine yote. Fremu nyingi za mashindano ya lami, hasa za zamani, zilikusudiwa tairi ya milimita 25 au 28 tu. Kwa udongo wetu, tairi ya milimita 40 ndiyo inayofaa, na baada ya kuivaa bado kidole kipite kati ya mpira na chuma, juu na pembeni. Kidole kisipopita, tope la masika litapita badala yake, litaganda, na gurudumu litasimama kama lililofungwa kamba.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mabomba ya fremu yakipakwa rangi hufanana yote, lakini hayakuundwa sawa. Liko bomba la chuma cha kawaida, nene na zito, na liko la chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, ambalo mafundi huliita kromoli. Watu hudhani kromoli ni ngumu zaidi kupinda kama chemchemi, kumbe kwa ugumu wa namna hiyo vyuma hivi viwili vinalingana. Tofauti yao ni kwamba kromoli huvumilia nguvu kubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. Ndiyo sababu bomba lake huweza kufanywa jembamba, na fremu ikawa na kilo mbili hivi badala ya tatu au zaidi.

Tena kuna ustadi mwingine. Huko Birmingham, Uingereza, Alfred Reynolds alipata hataza mwaka 1897 ya mabomba yaliyo mazito kwenye ncha, pale yanapoungwa, na membamba katikati. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa bomba maarufu lililoitwa 531, ambalo wapenda baiskeli wa Ulaya hulitaja kwa heshima hadi leo. Mpango wa kuweka unene pale penye kazi na kuupunguza pale pasipo kazi bado unafuatwa na watengenezaji wa mabomba. Bomba zuri huweza kuwa na milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati.

Mjukuu wangu aliposikia hayo alisema, “Basi babu, tutafute lile jembamba kuliko yote.” Nikamwuliza fundi wake atakuwa nani. Hapa kwetu mafundi wa kuchomelea wapo, wanatengeneza milango na madirisha kwa mashine ya umeme. Watu hao huweza kuunga fremu nene ya Phoenix na ikaendelea miaka mingi. Lakini moto ule ukigusa bomba la milimita 0.6, hutoboa. Bomba jembamba hutaka fundi wa gesi, mwenye mkono mtulivu na lehemu ya shaba au ya fedha, naye si wa kumpata kila kituo. Hivyo nilimshauri achukue kromoli, lakini ile ya unene wa kiasi. Nusu kilo ya fremu ni kitu gani kwa mtu anayetoka sokoni na mkungu wa ndizi?

Alumini tuliijadili pia. Ni nyepesi, wala haipati kutu nyekundu. Lakini alumini huchoka kwa kutikiswa kila siku, hata kama mtikiso ni mdogo, na inapopasuka ghafla vijijini kwetu hakuna wa kuiunga vizuri. Chuma kikipinda kidogo hunyooshwa, na aghalabu huonya kwa ufa mdogo kabla ya kuachia. Mwenye kubeba mtoto anahitaji chuma kinachoonya.

Liko pia jambo la umbo. Fremu ya mashindano ya lami huwa fupi, na bomba lake la mbele limesimama wima ili igeuke upesi. Kwenye mteremko wenye mawe, upesi huo ni balaa. Fremu ya kuchanganya njia hulaza bomba la mbele kidogo, labda nyuzi 71 au 72 badala ya 73 au 74, na kulirudisha gurudumu la nyuma zaidi, ili kutoka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya nyuma pawe na milimita 430 au zaidi. Hutulia ikishuka, na visigino havigongi mzigo ulio kwenye karia. Na kwa kuwa usukani wa pembe za kondoo husogeza mikono mbele, bomba la juu lisiwe refu mno. Vijana wanaofunga usukani wa namna hiyo kwenye fremu za milimani hujikuta wamelala juu ya baiskeli kama mtu aangaliaye kisimani.

Mwisho ni matundu na nyuzi. Matundu madogo karibu na ekseli ya nyuma na kwenye uma wa mbele ndiyo yanayoshika karia na madigadi. Nyuzi ndani ya kitovu cha pedeli humruhusu fundi wa kawaida kufungua na kubadili beringi kwa spana, bila mashine ya kushindilia. Masikio ya breki za diski ni neema katika tope, maana breki ya kubana rimu husaga rimu pamoja na mchanga. Ila zichukuliwe zinazovutwa kwa waya. Waya unapatikana dukani, na breki za mafuta hutaka vifaa vyake vya kuzihudumia.

Baada ya darasa hilo tulipanda basi kwenda Mwanjelwa, Mbeya, kwa mfanyabiashara wa baiskeli za mtumba. Nilibeba mfukoni sumaku, uzi wa mshonaji na rula ya shule. Kijana aliona haya kidogo, lakini alinyamaza.

Tulioneshwa fremu tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, na sumaku ilikataa kuishika. Tukajua ni alumini, tukaiweka kando. Ya pili ilikuwa nyekundu, yenye viungo vilivyong'arishwa, nzuri kweli kweli. Ya tatu ilikuwa ya kijani iliyopauka, imekwaruzwa, na ina kutu ya juujuu karibu na tandiko. Bei zake zilikaribiana.

Tukaanza kupima. Uzi hufungwa kwenye pengo la ekseli ya nyuma upande mmoja, ukapitishwa mbele kuzunguka bomba la kichwa, ukarudi upande wa pili. Kisha unapima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Ya kijani ililingana. Nyekundu ilitofautiana kwa milimita tatu, jambo ambalo kwa chuma hurekebishika. Tukapapasa nyuma ya bomba la kichwa kutafuta uvimbe au rangi iliyokunjamana, kwani hapo ndipo fremu iliyogonga ukuta husema ukweli. Zote zilikuwa salama.

Mfanyabiashara alitabasamu. “Mzee,” akasema, “hii nyekundu ndiyo ya mabingwa.” Sikumbishia. Mjukuu wangu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha, akainyanyua tena. Nilimwona jinsi alivyoishika. Ningeweza kumwambia neno la kumkatisha, lakini mtu mzima mwenye mke na watoto hachaguliwi fremu na babu yake. Nilimpa rula tu.

Alipima nafasi ya tairi ya uma: tairi ya milimita 28 ingepita kwa shida. Akageuza fremu, akatafuta matundu ya karia, akapitisha kidole kila upande. Akatulia kitambo. Kisha akasema polepole, “Babu, hii haina mahali pa mtoto.”

Akaichukua ya kijani.

Vifaa vingine vilikusanywa kwa miezi miwili, kimoja kimoja: gia za mtumba, magurudumu, breki za waya, na usukani wa pembe za kondoo, ambao sikumruhusu mtu yeyote amshawishi kuuacha. Kabla ya kufunga kitu tulimimina mafuta ndani ya mabomba na kuyageuza kila upande, maana katika nchi ya mvua kutu huanzia ndani. Tuliacha wazi tundu dogo la chini ili maji yapate pa kutokea. Fundi wetu wa madirisha, asiyeweza kuchomelea fremu ile, alitengeneza kiti cha mtoto kwa mabomba manene: kina egemeo la mgongo, mkanda, na vikingio vya kuzuia miguu isiingie kwenye spoki.

Sasa kila wiki binti hupelekwa Tukuyu. Kwenye mwinuko baba yake huweka gia ndogo kuliko zote na kupanda taratibu, na penye utelezi mkubwa hushuka akasukuma. Mkewe huandika kwenye daftari nauli ambayo haikulipwa, naye ni mwandishi mkali wa hesabu kuliko nilivyokuwa mimi. Bati bado halijanunuliwa, na mvua hii tumeweka beseni tena katika chumba kile cha nyuma. Hilo linabaki deni, wala baiskeli haikulifuta. Lakini daftari linaonesha tarehe ambayo litalipika.

Jumamosi kiti cha mtoto hufunguliwa kwa boliti nne, tairi za lami huvishwa, na kijana hushuka peke yake kuelekea Kyela, ameinama juu ya zile pembe, kisha hurudi mchana akipanda mlima wote. Jumapili jioni boliti nne hurudishwa.

Nawe msomaji, ukipata nafasi ya kuchagua fremu, usianze kwa kuuliza ipi inakimbia. Uliza njia mbaya kuliko zote utakayopita ni ipi, tairi utanunua wapi, fundi wako ni nani, na nani atakaa nyuma yako. Fremu itakayojibu maswali hayo manne, hata kama imepauka, itakukimbiza vya kutosha siku utakapokuwa peke yako.